Kisu cha Kupita Darajani

Themi, Arusha
Jumapili jioni, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Bukoba

Mdogo wangu Koku,

Natumaini goti lako limepoa na upepo haujaangusha migomba ya nyuma ya jiko. Mimi ni mzima. Jeraha la kichwani limefunga.

Tangu vibaka waliponipora pale darajani, umekuwa ukiniambia mzee wa peke yake hana cha kungoja Arusha. Nimekusikia. Nilichofanya ni kwenda sokoni kuchagua kisu.

Muuzaji ni Mwarusha wa umri wangu. Nilipenda kisu cha kukunja, akaniambia nikifungue. Unavijua vidole vyangu vilivyokakamaa. Nilihangaika na ukucha mpaka akacheka. "Mwizi atakusubiri, mzee?" Sime, ule upanga mfupi, alinikataza hata kuishika, akisema hiyo ndiyo itakayonibeba mimi. Mwishowe tukakubaliana kisu kidogo, urefu wa kidole bila mpini, chenye ala ya ngozi ya kuvaa mkandani. Akanisihi nikitumie kila siku, kwa ndizi, kwa kamba, ili mkono ukizoee kabla ya siku ya shida.

Nimetii kupita kiasi. Leo baada ya ibada, kwenye mnada wa mazao ya sadaka, mtu alinunua miwa akauliza nani ana kisu awakatie watoto. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshakitoa. Mzee wa kanisa, na kisu chini ya koti. Watu wote walinigeukia. Jirani yangu Mama Aikande, yule Mchaga mwenye duka la mbegu, ndiye aliyesema: "Babu, kumbe unaogopa na hutuambii?"

Nikamjibu, "Naogopa. Na Jumamosi napita tena darajani."

Akakipokea, akakata miwa yote, akakifuta kwa kanga yake na kunirudishia, mpini ukinielekea. Hakuniambia nikiache nyumbani.

Kila Jumamosi napita pale kwenda Nkoaranga kupalilia kaburi la mke wangu. Kaka zake wameniachia nafasi kando yake, katikati ya kahawa. Hili sijawahi kukuambia waziwazi.

Msalimie shemeji yangu, na mama mkubwa anayesahau majina. Mwambie ni yule mrefu.

Chumba ulichonipakia rangi huko Bukoba mpe mjukuu wako. Sitarudi.

Kaka yako,
Rwegasira