Kamba wa Mama Mkwe Hawafiki Mezani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya tatu kuanzia leo, kwa sababu siku hiyo wakwe watarajiwa wa binti yangu watakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza, na mimi nimejifungia ndani ya uongo ambao nilipouanza niliudhania wema.

Nina miaka hamsini na moja, nafanya kazi katika duka la dawa hapa Suzhou, naishi na mume wangu Weilin na mama yake mwenye miaka themanini na moja, na wewe kama mwenyeji huna haja ya kuelezwa kwamba mgeni akikaa mezani sahani ya kwanza ni kamba wa ziwani waliomenywa kwa mkono, weupe, wadogo, bila kuchanganywa na kitu, na kwamba nyumba hupimwa kwa sahani hiyo, na yetu imepimwa kwa mikono ya mama mkwe tangu kabla sijaolewa. Yeye hamenyi kama mimi, ganda moja moja kama mtu anayevua soksi. Anashika kichwa kwa vidole viwili, anaminya mkiani kwa vidole viwili, na nyama inarukia bakulini ikiwa nzima.

Sasa msimu wa vuli uliopita shemeji yangu alikuja kula, akauma ganda, halafu jingine, akawa anayapanga ukingoni mwa sahani, na Weilin akasema kwa utani, "Mama, leo umetupikia na kokoto?" Sote tukacheka na mama akacheka, lakini baadaye nilimkuta jikoni ameinamia bakuli tupu, uso karibu uguse kauri, anapitisha vidole ndani yake taratibu, nikajua kwamba haoni vizuri na kwamba hataki tujue.

Ndipo nikaanza. Kila Jumapili mama hununua kamba alfajiri, huwamenya asubuhi, huwaacha kwenye friji na kwenda kulala kidogo kabla ya chakula, na akishalala mimi huwatoa kamba wake na kuweka wengine niliowanunua sokoni wakiwa tayari wamemenywa kwa mashine, wakubwa kidogo, wanang'aa, hawana hata unyuzi wa ganda, kisha nawapika hao na kuwaleta mezani kama wake. Wake siwezi kuwatupa, mshauri, mkono unakataa, kwa hiyo nawapika usiku huo huo kwa njegere nakwenda nao kazini Jumatatu, na wenzangu wanatema maganda kwenye karatasi huku wanakwangua kopo, na mfamasia wetu aliniambia, "Dada, lete tena, hata wakiwa na misumari." Nyumbani mume wangu anawala wale wa mashine na kusema, "Mama, mikono yako haizeeki!" naye anamjibu tu, "Kula, mwanangu, wasipoe." Yeye mwenyewe hawagusi. Tangu Mwaka Mpya anasema kamba wanamletea gesi.

Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba naona hata akili inaanza kumtoka, kwa sababu zamani alikuwa akileta kilo moja na robo ya kamba, na tangu huo huo Mwaka Mpya analeta nusu kilo tu, na sahani inajaa vilevile kwa kuwa mimi ndiye ninayeijaza, na hajashtuka hata siku moja.

Sasa wakwe wanatoka Ningbo, na baba wa kijana ameuza samaki, kaa na kome gatini miaka thelathini. Binti yangu amenionya, "Mama, yule mzee akinusa kome anajua walitolewa matopeni asubuhi au jana." Mama mkwe aliposikia alisema, "Waje tu. Nitawamenyea kilo mbili." Nikiweka wa mashine, mzee wa Ningbo atawajua kabla hajaketi na binti yangu ataaibika. Nikiweka wa mama, watauma maganda. Nikimwambia mama ukweli, nitamvunjia kitu pekee kinachomfanya aamke alfajiri. Nimefikiria hata kusema jiko limeharibika twende mkahawani. Nifanye nini?

Mkamwana, Suzhou

---

Mkamwana,

Jiko lako ni zima, liache. Tuanze na hesabu, maana umeiandika kwa mkono wako mwenyewe kisha ukaipita.

Kilo moja na robo ya kamba wa ziwani ikimenywa hutoa kama nusu kilo ya nyama, na hiyo ndiyo sahani yenu. Nusu kilo haitoi hata robo. Mama mkwe wako ameshika kazi hii tangu wewe hujaolewa. Unataka niamini kwamba anamenya bakuli lisilofika nusu, analala saa moja, anaamka na kukuta sahani imefurika, na hajashtuka? Akili yake iko timamu kuliko yako. Alipunguza kamba ili aone kama utasema. Ukajaza, ukanyamaza. Wiki iliyofuata akaleta nusu kilo tena, ukajaza tena. Tangu Mwaka Mpya amekuuliza swali moja kila Jumapili, nawe umemjibu kwa kumwongezea kamba wa mashine.

Na hiyo gesi. Alhamisi nilikwenda sokoni nikanunua robo kilo ya hao wa mashine nikawapika kwangu, kwa sababu sipendi kuandika juu ya kitu ambacho sijakitia mdomoni. Niliowapata walikuwa wamelowekwa maji ya magadi. Walivimba, waliang'aa kama kioo, na nilipowauma walilia kama tango. Utamu wa kamba sikuuona. Mumeo anaweza kula hivyo na kusifu, na hilo ni jambo la kuzungumza naye siku nyingine. Mama aliyemlea amejua kwa tonge la kwanza. Akaona asikuumbue mbele ya mwanawe, akavumilia hadi Mwaka Mpya, kisha akasingizia tumbo.

Sikuoni mtu mbaya. Ulimwona mzee ameinamia bakuli tupu na moyo wako ukaenda mahali panapostahili. Lakini ona ulichofanya: ulimnyang'anya kazi ukamwachia sifa. Kila Jumapili anasifiwa kwa kamba ambao hakuwagusa, naye anapaswa kutabasamu na kusema kuleni. Hilo linamchosha kuliko ganda lolote ambalo angelisahau kwenye nyama. Wakati huo huo kamba wake halisi wanaliwa kwenye duka la dawa na watu wanaotema, wanacheka, na kuomba tena. Hao wenzako wanamheshimu kuliko nyumba yake mwenyewe, na hata hawamjui.

Kwa hiyo fanya hivi.

Wiki hii mpeleke akapimwe macho. Uso unaokaribia kugusa bakuli unaweza kuwa na mtoto wa jicho, na ugonjwa huo una tiba. Usimwambie ni kwa sababu ya kamba. Mwambie unapima ya kwako na hutaki kwenda peke yako. Ukiwa na miaka hamsini na moja hutakuwa umesema uongo mwingine, kapime kweli.

Jumapili hii, akishaweka kamba mezani asubuhi na kabla hajammenya hata mmoja, vuta kiti ukae mbele yake. Sema, "Mama, tangu vuli nimekuwa nikibadilisha kamba wako. Nisamehe. Nifundishe kuminya." Basi. Usieleze sababu, anaijua. Usilie, utamlazimisha akubembeleze. Atakusema kidogo, na wazee wa mji huu wanamsema mtu kwa sauti ya chini sana. Vumilia, na mikono yako iwe tayari mezani.

Halafu mfanye kazi kama watu wawili. Nilimuuliza mpishi mmoja wa hapa mwenye miaka arobaini jikoni, akaniambia huku anaendelea kukata vitunguu, "Anayehangaika na ganda hajawapitisha kwenye baridi." Watieni kwenye friza nusu saa, wakazane bila kugeuka barafu, ganda litaachana na nyama na mama ataminya kwa kugusa tu. Bakuli jeupe liondoke, nunua jeusi, kiti kihamie dirishani. Yeye aminye, wewe ukague na kutoa uzi mweusi wa mgongoni kwa kijiti cha meno. Waoshwe kwa chumvi na wanga hadi maji yawe safi, vipande vingi vya ganda vitaelea vyenyewe. Wakaushwe kwa taulo hadi waache kuteleza. Kutoka hapo mwachie mama. Kukanda chumvi hadi nyama inate, kutia ute wa yai na wanga, kujua imetosha: hiyo ni kazi ya kiganja, jicho halihitajiki, na wewe katika maelezo yako hukuitaja hata mara moja. Saa moja kwenye friji, kisha mafuta ya uvuguvugu. Moshi ukionekana umeshachelewa.

Mbele ya mumeo siku hiyo, wapakue kamba wa mama. Ukiuma ganda, liweke pembeni na uendelee kula. Akianza utani wa kokoto, mwambie Jumapili ijayo atamenya yeye.

Sasa huyo mzee wa Ningbo, ambaye umemwogopa bila sababu. Hao wa mashine umesema mwenyewe hawana hata unyuzi wa ganda. Mtu aliyekaa gatini miaka thelathini akikuta kipande kimoja kwenye sahani yenu hatawaza uzembe. Atajua kwamba ndani ya nyumba ambayo mwanawe anataka kuoa kuna mtu aliyekaa asubuhi nzima akimmenyea. Ataliweka ukingoni mwa sahani na kutazama mezani atafute mikono iliyofanya kazi hiyo. Hakikisha siku hiyo anaiona minne.