Hatukumuuliza Kungwi

Mjukuu wangu mpendwa Agnesi,

Pokea salamu za sisi sote. Shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu.

Unauliza kama uende kwenye bunge la jimbo huko Marekani kutetea shule za vijijini. Nilipokuwa mwalimu kijana Msimbati, sisi walimu wa misheni tulitaka unyago ungoje likizo, ili wasichana wa darasa la saba wasikose mtihani. Niliwahutubia akina baba, nao wakakubali wote. Jumatatu iliyofuata madawati ya wasichana yalikuwa matupu; walikuwa wamepelekwa unyagoni.

Nikamwendea kungwi, mama aliyewafunda mabinti wa kijiji. Hakuacha kumenya muhogo.

"Mwalimu wa misheni, wanaume wamekupa kisicho chao. Unyago ni wetu. Mimi uliniuliza lini?"

Nikamwomba radhi.

"Rudi kesho, uombe tena mbele ya wenzangu. Wanapenda kucheka."

Nilirudi siku tatu, nikachekwa zote tatu. Siku ya nne aliwaleta wasichana darasani yeye mwenyewe.

Basi nenda bungeni, mjukuu wangu, wala usirudi nyuma. Ila kwanza kapige hodi kwa akina mama wa watoto wa shule hizo.

Babu yako akupendaye,
mwanafunzi wa kungwi.