Shahidi wa Kathini

Ijumaa, 6 Juni 2025

Leo Madam Loise ametumia kipindi chote cha mwisho kuzungumzia malengo. Lengo ukilificha, alisema, siku utakayoliacha hakuna atakayekuuliza. Mwambie rafiki, akuulize kila wiki. Pauline akaninong'oneza kwamba yeye akitangaza lake la hesabu atachekwa mpaka Mwatate.

Baada ya masomo tulikaa sisi watatu kwenye ngazi za maabara. Kila mmoja ana shahidi wake — neno hilo nililichagua mimi. Pauline anataka C ya hesabu. Shahidi wake ni Kathini. Mimi nataka kusimama kanisani niombe kwa sauti bila kutetemeka. Niko kidato cha tatu na bado nikiambiwa niombee chakula nageuka bubu! Shahidi wangu ni Pauline. Nitakoma.

Kathini alingoja mpaka Pauline aende. Ndipo akaniambia, mimi peke yangu. Anataka kumwona mama yake. Mama aliondoka Kathini akiwa na miaka minne, na sasa analima huko Mata, mpakani, upande wa Taveta. Kwao jina lake halitajwi. Hata picha baba yake alizitoa ukutani. Kathini anataka kwenda mwenyewe, likizo ya Agosti.

"Ukiniuliza kila Ijumaa," alisema, "sitapata nafasi ya kuogopa."

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwuliza. Ameshajua gari la Taveta linapakia wapi na linaondoka saa ngapi. Alipokuwa akinieleza alikuwa anacheka, mkono mdomoni.

Pauline amepata 31 kwenye jaribio la hesabu. Anasema ni maendeleo.

Jumapili, 22 Juni

Nimeweza!

Ibada ya vijana. Mchungaji akauliza nani ataongoza maombi, Pauline akanifinya mgongoni, nikajikuta nimesimama. Niliombea mvua. Niliombea wagonjwa. Kisha maneno yakawa yanakuja yenyewe, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, nikamwombea Kathini kwa jina — Bwana amfungulie njia Agosti aende Mata amwone mama yake. Kanisa zima likasema amina. Kathini mwenyewe hakuwepo, alikuwa na homa. Natamani angesikia.

Mlangoni Kavinya, shangazi yake Kathini, dada wa baba yake, yule wa kwaya, alinishika mkono akanisifu. Halafu akaniuliza kama alisikia vizuri: ni Mata, nilisema? Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu, 23 Juni

Kathini hajaja shule. Labda homa.

Jumanne, 24 Juni

Si homa.

Amekuja na baba yake kurudisha vitabu. Baba alisimama mlangoni pa ofisi na ovaroli yake ya kazini, hakumsalimia mtu. Kathini anapelekwa Kishushe, kwa baba yake mdogo, Muli, anayefanya kazi kwenye ranchi. Atasomea huko. Likizo atakuwa huko huko. Barabara ni mbaya na magari ni ya kuhesabu, kwa hiyo hawezi kutoka bila mtu kujua. Ndiyo maana baba amepachagua.

Alipewa dakika chache aje kutoa vitu vyake kwenye dawati. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nilikwambia ujue, Wakio. Sikukwambia useme."

Nikajitetea kwamba sikumwambia mtu. Nilikuwa namwambia Mungu.

"Mungu nilishamwambia mwenyewe."

Kisha baba yake akaita.

Kanisani shahidi ni yule anayesimama akasema. Ndivyo nilivyofundishwa tangu Sunday School. Yeye alitaka shahidi wa kuona tu, akae karibu. Na mimi nilisahau kwamba watu wakifumba macho hawazibi masikio.

Ijumaa, 27 Juni

Ijumaa, na sina wa kumwuliza. Namba ya Muli haipatikani. Pauline ameniambia si kosa langu. Amesema haraka sana.

Jumapili, 6 Julai

Mchungaji ameniita niongoze maombi. Nimesema koo linaniuma.

Jumapili, 13 Julai

Naandika haraka.

Baada ya ibada kulikuwa na mwanamke nje, amejifunga leso mbili, ana kikapu cha ndizi. Habari zilifika Mata — mama mmoja wa kanisa letu ana dada sokoni Taveta. Alikuwa anauliza watu ni msichana yupi, yule wa yale maombi. Kuna mtu akamwonyesha mimi.

Alikiacha kikapu chini akaja. Hakuuliza kitu. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Kathini wangu. Umekuwa mrefu."

Nilisema, mama, mimi si yeye. Nilisema! Lakini alikuwa amenibana kifuani na maneno yakaishia kwenye leso yake. Watu walikuwa wanatuangalia. Nikamwona shangazi Kavinya anatoka na kwaya. Nikamshika mkono mama wa watu nikamwambia twende nyumbani kwanza.

Njia nzima hakuniachia mkono. Jina lake Katuku, kama nimesahau, alisema akicheka. Hakuondoka kwa kupenda. Alirudi mara mbili akafukuzwa langoni. Kila mwaka alikuwa anapima urefu wa mtoto wa jirani ili ajue nimefika wapi.

Kila nilipofungua mdomo alikuwa na lingine.

Mama yangu bado yuko kwenye mkutano wa akina mama. Mgeni yuko sebuleni. Nimemwambia naingia kubadilisha nguo. Nikimwambia, itabidi nimwambie na ya Kishushe, na ni nani aliyefanya apelekwe huko.

Namsikia anamenya ndizi. Ameita, "Kathini, njoo ule."

Naendelea kuandika.

Ameita tena, taratibu, kama mtu anayeogopa amekosea nyumba. Nimeitika.