Draiva Uliyoondoka Nayo Kichwani

Mwalimu Odhiambo,

Nimekukasirikia. Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia.

Siku tulipokuzika kule Siaya, mchungaji alikusifu kwamba hukulalamika hata siku moja. Watu wakaitikia amina. Mimi nilibana meno. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefungua droo ya meza yako pale karakana yetu ya kompyuta Giakanja, nikitafuta karatasi yoyote yenye maelezo ya ile draiva uliyoiandikia printa ya breli ya shule ya wasioona. Sikupata hata mstari. Nilipata kadi ya kliniki ya presha, na dawa za miezi minne, pakiti hazijafunguliwa.

Miezi minne, Mwalimu! Na kila siku saa nne tulikunywa chai pamoja. Nikikuuliza mbona unashikashika kichwa, unasema, "Ni hii skrini tu, Nyambura."

Mama Achieng, mke wako, aliniuliza draiva ni kitu gani hata niitafute watu wakiwa matangani. Nikamwambia printa ya watoto wasioona haielewi kompyuta inasema nini, kwa hivyo inahitaji mkalimani. Huyo mkalimani anakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na akikosea neno moja kompyuta nzima inazima. Akaniangalia. "Na huyo mkalimani alijulikana na baba Achieng peke yake?"



Draiva uliiandika kwa mfumo wa Linux, wa ile kompyuta kuukuu ya shule. Mwezi mmoja baada ya mazishi, diski yake ikafa. Shule ikaletewa kompyuta mpya, za mfumo wa Windows, na printa ikanyamaza. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakisha wiki sita. Wairimu wa Wamagana, yule uliyemfundisha hesabu kwa vidole, aliniuliza mbele ya darasa zima, "Ati Mwalimu alikufa na printa yetu?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilichukua msimbo wako, yaani maandishi ya draiva, kwenye laptopu yako, nikajaribu kuujenga uwe programu kwa yangu. Ukakataa. Ulikuwa unatafuta faili kwenye folda zako mwenyewe, zenye majina yako mwenyewe, kana kwamba duniani kuna kompyuta moja tu. Nilikusihi mara ngapi tutumie CMake? Faili moja ya maelezo, inajenga kwa Linux, inajenga kwa Windows, na mtu yeyote anaweza kuifuata. Ulinijibu, "Hiyo ni ya watu wasiojua wanachofanya. Mimi iko kwa kichwa." Kichwa kile kile kilichokuua! Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Wiki tatu, Mwalimu. Sehemu ya kuongea na printa nikaiweka peke yake, kisha nikaandika upande wa Linux na upande wa Windows. Upande wa Windows ulianguka mara nyingi sana, skrini inageuka buluu, nawasha tena, inageuka buluu. Kosa lilikuwa moja: nilirudisha sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta kwa mfumo kabla printa haijamaliza kuisoma. Ungeliona mara moja. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba nilikuhitaji na hukuwepo.

Ilipochapa, Wairimu alipitisha vidole kwenye karatasi, akarudia mstari wa pili. "Umekosea 'pembetatu'," akaniambia. Kisha akaomba karatasi nyingine, na nyingine. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Hapo ndipo nilipolia.

Mwalimu wa kompyuta pale shuleni sasa anaijenga draiva mwenyewe kwa faili ya CMake niliyoandika, bila kunipigia simu. Na Mama Achieng alipopimwa, presha yake pia iko juu. Alitaka kunificha. Nilimfokea, Mwalimu, nilimfokea mama wa watu jikoni kwake, halafu tukashikana.

Kwa hivyo nakuahidi hili moja: kliniki yake ni Jumanne, nami nitaketi naye kwenye benchi mpaka aitwe, kila mwezi, apende asipende.

Pumzika huko uliko. Desemba tutakuja naye Siaya kupalilia kaburi. Nitakuwa bado na hasira. Lakini nitakuja.

Nyambura