Mizani Imesimama, Mimi Sijasimama

Kwako Jephté, baba wa watoto wangu,

Hapa Goma tuko wazima, na mahindi ya mama yako kule Kibati yameiva vizuri.

Uliuliza kilo zangu. Tangu Pasaka mizani haisogei, ingawa nakula kidogo na kutembea kila asubuhi. Daktari aliyenipasua tumbo ili nipunguze kilo aliniambia, "Mama Kahambu, baada ya operesheni mwili hukwama hivyo. Endelea tu, usijitese kwa njaa." Naendelea.

Juzi nilikwenda kwa mama yako kwa miguu, mimi niliyekuwa nahema nikivuka barabara tu. Akanitazama, akasema, "Jephté alisema kweli, ungali munene."

"Ameniona wapi, mama?"

"Sokoni, mwezi uliopita," akajibu, kisha akaanza kumenya mahindi.

Kumbe ulifika kutoka Kampala, ukaniona, ukageuka.

Sasa sikia. Kupasuliwa mara ya pili, kama unavyotaka, sikubali. Nilipasuliwa kwa sababu ya sukari na magoti, na sukari imeshuka. Watoto sijawaambia kwamba ulifika. Ukija tena, piga hodi kama mgeni. Nikipenda, nitafungua.

Ni mimi Kahambu, na kilo zangu zote.