Samaki Aliyeombwa na Bibi

Chiloquin, 14 Aprili

Kaka Wendell,

Farasi wako hajambo. Lile tuta la kuzuia mto limebomolewa na mto umerudi bondeni, ili vifaranga wa samaki wetu, c'waam, wapate pa kujificha.

Bibi Leona alipozidiwa aliniambia, "Niletee c'waam mmoja tu, nionje."

"Bibi, wamebaki wazee watupu. Vifaranga wao hufa wote."

"Wazee wenzangu hao, watanielewa," akacheka.

Nilikwenda mtoni. Nilimshika jike mkubwa, tumbo limejaa mayai, nikamwachia. Nikampelekea Bibi mchuzi wa kuku. Aliunywa wote bila kuniuliza kitu.

Tulimzika jana. Mayai yale yasipopona, Wendell, sijui nitamwomba radhi vipi.

Dada yako,
Delphine