Dirisha Jeusi

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Habari za huko bondeni? Miguu inaendeleaje, na huyo mjukuu ameacha kulia au bado anaamsha mtaa? Huku kituoni wote wazima, ukimtoa Meneja, ambaye amepata kiti kipya cha magurudumu na sasa hasimami kabisa.

Nina swali. Tangu uniachie kompyuta ya kituo cha maji nimezoea kuishi na kompaila zako mbili, ila sijawahi kujua kwa nini ziwe mbili. Kazi ni moja: unaandika programu, yenyewe inaigeuza iwe lugha ambayo mashine inaielewa. Meneja anasema kompyuta imejaa, nifute ya zamani tubaki na mpya. Nimemwambia siwezi kumfukuza mpangaji kabla sijamuuliza mwenye nyumba.

Mpwa wako

7 Februari

Marahaba, Mama Maswali.

Miguu ipo, ila kila mmoja una mipango yake. Mjukuu analia kwa zamu, kama walinzi wenu.

Usifute kitu. Hiyo ya zamani, mimi humwita Mzee, ndiyo inayojenga programu ya dawa, ile inayoiambia pampu imwage klorini kiasi gani. Mpya ni kwa ajili ya ripoti za Meneja na michoro yake ya rangi. Tofauti yao ni tabia. Mzee anatafsiri ulichoandika hata kama hakielewi. Mpya ana akili nyingi: akiona mstari anaodhani hauna kazi, anautoa, wala hakuambii.

Na mimi nina mstari mmoja wa namna hiyo. Kihesabu cha lita kikijaa hupinduka, kikasoma chini ya sifuri. Mstari wangu unasema: ukiona hivyo, funga dawa, anza kuhesabu upya. Mpya akiusoma anajisemea kwamba mtu akijumlisha tu hawezi kuangukia chini ya sifuri, basi jambo hilo halipo. Anaufuta. Siku kihesabu kinapojaa hakuna wa kufunga, pampu inamwaga tu. Utaniuliza kwa nini mstari usiandikwe vingine. Programu ilipimwa na kupitishwa ilivyo. Kuigusa hapo ni kupima upya, na kupima upya ni kuufungia mji mzima maji.

Ndiyo sababu ya yale madirisha mawili ya amri kwenye kioo cha kompyuta. Dirisha jeusi nimelipanga limwite Mzee, jeupe limwite Mpya. Amri unayoandika ni ile ile, kwa hiyo rangi ndiyo inayokuambia anayeitika ni nani. Programu ya dawa ni dirisha jeusi tu.

Na usisahau sisi huku ndio wa mwisho kwenye bomba lenu. Mnachomwaga asubuhi, jioni tunamwogeshea mtoto.

Mjomba

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mzima, macho tu yalinisumbua, lakini nimeshayapatia dawa, utaona.

Mzee hajafutwa. Meneja alinuna, halafu akafuta picha za harusi ya shemeji yake, kompyuta ikapumua. Mvua imeanza, mto umejaa, mitambo inakwenda mchana kutwa. Juzi walifunga mita mpya, ikabidi nibadilishe namba moja kwenye programu ya dawa na kuijenga upya. Nilikuwa na hofu, maana ni mara yangu ya kwanza peke yangu. Mjomba, ilipita kama maji. Haikulalamika hata neno moja. Meneja alinipongeza akiwa amekaa.

Kuhusu macho: ule weusi ulikuwa unaniumiza, basi madirisha yote nimeyapaka rangi moja, ya maziwa. Ofisi imechangamka.

Kesho alfajiri naondoka likizo, naenda kwa Mama mlimani. Unajua huko simu ni ya kuangalia saa. Kompyuta nimeipanga iwajibu wanaoniandikia, usishtuke ikikuita mteja.

Mpwa wako

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu leo ni fupi. Nisome kabla hujapanda basi.

Unasema haikulalamika. Mzee hulalamika kila mara, miaka yote, kwa namba ya mita, iwe ya zamani au mpya, na kwa ule mstari wangu, maonyo ya manjano yanayojaza kioo. Niliyaacha makusudi, ndiyo sauti yake. Anayenyamaza ni Mpya.

Kabla ya kuijenga, ulimuuliza jina? Andika amri ya kuuliza toleo, kwenye dirisha lile lile ulilotumia. Kama si Mzee, rudisha programu ya zamani, ipo kwenye folda yangu. Kihesabu wakati wa kiangazi hakina haraka. Kwa mvua hii sijui.

Mjomba

6 Machi

Mpwa wangu,

Nilijibiwa na kompyuta yako. Ina adabu kukushinda.

Dada yangu nimempigia mpaka simu imenichoka. Nimempigia Meneja pia. Nilimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyekaa. Akaniambia, "Mzee wangu, umestaafu, pumzika. Taa zote huku ni za kijani." Nikamuuliza nani anawasha hizo taa. Akacheka. Zinawashwa na programu ile ile.

Leo asubuhi binti yangu alifua nguo za mtoto. Ile fulana ya bluu imetoka kwenye beseni na mabaka meupe. Akadhani ni sabuni. Nikafungua bomba, nikanusa, nikalifunga. Nimemwambia asimwogeshe mtoto, asichemshe chochote. Majirani nimewagongea mmoja mmoja. Wengine wamenisikiliza, wengine wamemwonea huruma binti yangu kwa kuishi na mzee kama mimi.

Sasa hivi navaa viatu. Nakuja kituoni mwenyewe, miguu itake isitake. Ukifika kabla yangu, usiangalie taa. Zima pampu kwa mkono, lile gurudumu jekundu nyuma ya chumba, kisha ndipo ufungue kompyuta.

Na nijibu. Hata neno moja, la kulalamika.

Mjomba

6 Machi

Mteja mpendwa,

Asante kwa ujumbe wako. Niko likizo hadi mwisho wa mwezi na sitaweza kusoma barua. Huna haja ya kuwa na wasiwasi: mitambo yote inajiendesha yenyewe.

Fundi wa Kompyuta,
Kituo cha Maji